Hasira ya Kiwandani Isilale Nyumbani

Siku ambayo vituo vya mafuta havina petroli, saa kumi na moja jioni, barabara zinazotoka Zone Industrielle ya Bujumbura hujaa watu wa miguu. Kuna waliomaliza zamu Brarudi, kiwanda cha bia na soda kilichoanzishwa mwaka 1955. Kuna waliobeba magunia kutwa nzima kwenye maghala ya upande wa bandari, na wengine wamesimama tangu asubuhi mbele ya mashine za nguo za Afritextile. Anayekaa Kamenge au Kinama ana nafuu kidogo. Anayekaa Kanyosha, kusini kabisa mwa jiji, anajua giza litamkuta njiani. Pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji mnamo Machi 2022, kwa hiyo hata mwenye nauli mfukoni hutegemea basi, na basi nalo linategemea mafuta.

Anafika nyumbani miguu inawaka. Mtoto anaomba daftari. Mke anasema maji hayajatoka tangu alfajiri. Hakuna aliyemkosea, lakini ndani ya dakika tano nyumba nzima imenyamaza kwa sababu baba amepayuka. Na kama aliyerudi ni mama, mara nyingi hapati hata hizo dakika tano za kupayuka, maana jiko linamsubiri. Ya kwake humezwa, na hujitokeza siku nyingine kwa sura nyingine. Maneno yaliyopaswa kumfikia msimamizi wa zamu, shirika la maji na umeme la Regideso, au wizara fulani, yamemwangukia mtoto wa darasa la tatu.

Jambo hilo ndilo linalostahili kuangaliwa. Watu wengi wenye manung'uniko makubwa hawakosei kuhusu sababu za manung'uniko yao. Wanakosea mahali pa kuyapeleka.

Kwamba sababu zipo, Burundi haihitaji kuthibitishiwa. Katika Ripoti ya Dunia ya Furaha ya mwaka 2016, na tena ya 2018, nchi hiyo iliwekwa nafasi ya mwisho duniani, ikiwa na alama 2.9 kati ya 10. Magazeti ya nje yakaandika kuhusu "taifa lisilo na furaha kuliko yote", na Warundi waliosoma habari hiyo huku wakijiandaa kwenda harusini Jumamosi walikuwa na haki ya kucheka. Swali lililoulizwa halikuhusu furaha hasa. Mtu huambiwa awaze ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa yakiwa maisha bora anayoweza kuyafikiria na chini kabisa maisha mabaya kuliko yote, kisha aseme amesimama kidato gani. Kipimo hicho kilibuniwa na Mmarekani Hadley Cantril, na alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1965. Kinachopimwa ni umbali kati ya maisha aliyonayo mtu na yale anayoyatamani. Anayejibu "niko kidato cha tatu" huenda ni mcheshi kuliko majirani zake wote. Amefanya hesabu tu.

Kwa hiyo ushauri unaoanza na "badili mtazamo wako" unaanzia mahali pabaya. Kima cha chini cha mshahara kwa kibarua asiye na ujuzi mjini kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku, na 105 vijijini. Kwa zaidi ya miaka 30 kiliachwa hivyo hivyo, ingawa vyama vya wafanyakazi vilidai mara kwa mara kirekebishwe. Waajiri wengi hulipa zaidi ya hapo, maana leo faranga 160 hazinunui hata mkate. Ila kiwango cha namna hiyo kinapobaki kwenye vitabu vya sheria, kibarua anayejadiliana malipo getini hana pa kuegemea. Mwaka 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga mwezi Mei. Mwezi Juni ikatangaza kuondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000, ikawapa watu siku 10 za kuzibadilisha. Mwaka huo huo bei zilipanda kwa zaidi ya robo. (Siku zile 10 huenda zilifichua siri nyingi za kabatini: nani alikuwa ameweka nini, na mwenzake hajui.) Mtu aliyepitia hayo akaambiwa ajifunze kushukuru ana sababu ya kuudhika mara ya pili.

Panapofaa kuanzia ni kwenye kalamu na karatasi. Mtu aandike kila kinachomkera, kikubwa na kidogo, bila kupanga. Kisha mbele ya kila kero aandike jina la mtu au ofisi inayoweza kuibadilisha. Hapo orodha hujigawa yenyewe. Kero nyingine zina mwenyewe anayejulikana: msimamizi anayekata saa za ziada, mwenye nyumba, shemeji aliyekopa na kunyamaza. Nyingine ni za ofisi. Nyingine, kama uhaba wa fedha za kigeni unaokwamisha mafuta, ni kubwa kuliko mtu mmoja na hata kuliko kiwanda kimoja. Na zipo zisizo na mwenyewe kabisa, kama ile ya binamu aliyeko Brussels anayetuma picha za jiko lake jipya.

Halafu achague moja tu. Haya si mawazo ya mezani. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani kuwasikiliza watu waliolemewa, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hatoi mahubiri. Humsaidia mgeni wake kutaja matatizo yote, kuchagua moja, na kuondoka na hatua moja atakayoijaribu kabla ya kurudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, ukiwahusisha watu 573, ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma za kawaida. Zimbabwe ya miaka ambayo benchi lilianza ilikuwa na mfumuko wa bei uliovunja rekodi. Bibi hawakuuondoa. Waliwarudishia watu uwezo wa kushughulika na kitu kimoja.

Kwa mfanyakazi wa Zone Industrielle, kitu hicho kimoja mara nyingi kiko kazini, na kazini ndiko kwenye milango mingi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya kazi iliyorekebishwa Novemba 2020 inamruhusu mfanyakazi kumwomba mkaguzi wa kazi asuluhishe mgogoro kabla ya kufika Mahakama ya Kazi. Viwanda vikubwa vina baraza la wafanyakazi, lile watu wanaloliita conseil d'entreprise, na juu yake kuna mashirikisho ya vyama kama COSYBU. Tatizo ni kwamba wengi hufika huko mikono mitupu. Kibarua anasema, "Wananinyonya," mkaguzi anauliza lini na kiasi gani, na mazungumzo yanaishia hapo. Dawa yake ni daftari la faranga chache: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi iliyofanyika, pesa iliyopokelewa, na nani alikuwepo. Asiye na mkataba wa maandishi ndiye anayelihitaji zaidi, pamoja na ujumbe wowote wa simu aliotumiwa na msimamizi. Mwanasheria hawezi kuitetea hasira, lakini tarehe anaweza kuitetea.

Kingine ni kuomba kinachowezekana. Watu watatu wanaomwendea mkuu wa zamu siku ya kawaida, si siku ya mshahara na si katikati ya ugomvi, wakamwomba zamu ianze nusu saa baadaye wakati wa uhaba wa petroli, au lori la kampuni lipitie njia panda fulani jioni, wana nafasi ya kusikilizwa. Ombi hilo halimgharimu mwajiri sana, na likikubaliwa wamejifunza kwamba wanaweza kuomba. Madai ya mshahara yana wakati wake, na afadhali yapitie baraza na chama kuliko kifua cha mtu mmoja.

Kero za umma ni ngumu zaidi, na kuandika kuzihusu kana kwamba Bujumbura ni jiji lisilo na historia ni kumdanganya msomaji. Mwezi Machi 2014, baada ya mapambano kati ya polisi na wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD, kukimbia mazoezi kwa vikundi mitaani kulipigwa marufuku isipokuwa kwenye viwanja vilivyoteuliwa. Watu waliozoea kuanza Jumapili kwa mbio na nyimbo, jambo ambalo ni sehemu ya sura ya jiji hilo, wakajikuta wanahesabiwa kama mkutano. Mwaka uliofuata yalikuja maandamano ya Aprili dhidi ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza na jaribio la mapinduzi la Mei 13. Redio nne zilizokuwa zikipokea malalamiko ya wananchi kila siku, yaani RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance, zikashambuliwa na kunyamazishwa. Isanganiro ilirudi hewani mwaka 2016, Bonesha mwaka 2021. Warundi zaidi ya 400,000 walikimbia nchi, wengi wakaishia kambi za Kigoma: Nyarugusu, Nduta na Mtendeli.

Mtu aliyeyaona hayo anajua bei ya maneno, na hakuna makala inayoweza kumpimia ujasiri wake. Kinachoweza kusemwa ni kwamba kati ya kupiga kelele barabarani na kunyamaza kabisa kuna ngazi kadhaa. Mtaro ulioziba, taa ya mtaa iliyokufa, bomba linalovuja wakati nyumba hazina maji: hayo yana nyumbakumi, yana mkuu wa mtaa, na yanasemeka. Watu kumi wanaotia sahihi barua kuhusu mtaro hawajabadilisha serikali, lakini wametoka kwenye hali ya kulaumu tu. Redio nazo bado zina vipindi vya wasikilizaji. Na kama ni kupoteza saa mbili kila usiku katika makundi ya WhatsApp ukisoma uvumi wa mafuta yatakayofika kesho, hapo pana kero ambayo mtu mwenyewe ndiye ofisi husika.

Usiku wenyewe una jambo lake. Njia ya zamani ya kupooza hasira ni kabare, yaani baa ya mtaani: mishikaki, chupa ya bia ya Primus, wenzako. Haifai kuidharau, kwa kuwa kabare ni mahali pa mazungumzo kuliko pa pombe, na kuna mambo ambayo mwanaume wa Bujumbura hawezi kuyasema kwingine. Ila mwenye mshahara mdogo anayenunua masikio ya watu kwa chupa hulipa mara mbili. Miaka hii ambayo bia yenyewe imeadimika kwa kukosa fedha za kigeni za kuagizia malighafi, wengi wamegundua kwamba stori zilikuwa zinawezekana bila bia. Safari ya miguu kutoka kiwandani inatosha kwa kazi hiyo. Wafanyakazi wawili wanaoelekea upande mmoja wakubaliane: kuanzia getini mpaka mahali fulani, tuseme stendi ya COTEBU, kila mmoja anamwaga yake yote, matusi yakiwemo, na kutoka hapo kwenda mbele, habari za kiwanda zimefungwa. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Wanaoujaribu hufika mlangoni wakiwa wamechoka tu, bila kuwa wametegwa kama bomu.

Jina la stendi hiyo nalo lina historia. COTEBU lilikuwa jina la kiwanda cha nguo cha serikali kilichoajiri wakazi wa Bujumbura kwa miaka mingi, kikazorota hadi kufungwa, kabla Afritextile haijaingia mwaka 2010. Kwa aliyepoteza kazi, ushauri wa mwenye kazi hautoshi, na hapa mfano bora zaidi unatoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kila familia ilikuwa haina kazi. Mtu angetarajia hasira. Walikuta watu wamepoa. Wanaume wenye siku nzima mikononi mwao walitembea polepole, wakisimama njiani mara kwa mara. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu, ingawa muda wa kusoma uliongezeka na ada ilikuwa imefutwa. Wanawake hawakupoa vile, kwa sababu chakula cha kupika hakikufungwa pamoja na kiwanda.

Kitabu chao cha mwaka 1933 kinasaidia kwa jambo moja la vitendo. Kazi humpa mtu pesa, na pia humpa saa ya kuamka, watu wa kukutana nao na sababu ya kunyoa ndevu. Pesa ikikatika, vile vingine vitafutwe mara moja, kabla miezi haijapita: saa ya kutoka nyumbani ibaki ile ile, hata kama ni kwenda gereji ya ndugu mtaani Buyenzi kushika spana bila malipo, au kusimamia mafunzo ya watoto msikitini au parokiani. Na zile kazi za nyumbani ambazo mke amekuwa akizibeba peke yake si aibu kwa mwanaume asiye na zamu. Kwa kweli ni vigumu kuelewa kwa nini jambo hilo bado linahitaji kuandikwa.

Ya binamu wa Brussels yanahitaji aya fupi tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, timu ya Samuel Stouffer iliwahoji wanajeshi wa Marekani na kukuta kwamba polisi wa jeshi, waliopandishwa vyeo kwa nadra, waliridhika na mfumo wa vyeo kuliko wanajeshi wa kikosi cha anga, ambao walipanda haraka. Wale wa anga waliona wenzao wakipanda kila siku. Simu imemfanya kila mkazi wa Kinama kuwa mwanajeshi wa anga. Kunyamazisha status za WhatsApp za watu watatu au wanne kwa mwezi mmoja hakumpunguzii mtu undugu.

Nyumbani, sehemu kubwa ya ugomvi unaoitwa tabia ni pesa ambayo haijazungumzwa. Wanandoa wakae mara moja kwa mwezi, watoto wakiwa wamelala, na waanze na kodi ya nyumba, chakula, ada na mchango wa upatu, kwa takwimu halisi za pande zote mbili. Mwenye kipato kidogo zaidi aanze kusema. Wakishindwana, Burundi ina utamaduni wa bashingantahe, wazee wanaosikiliza pande zote kabla ya kutamka neno, na familia nyingi bado huwaendea hata pale ambapo sheria haiwatambui kama zamani. Kwa mambo ya ukimya, wivu, mkwe na matumizi, hao wanafaa kuliko mahakama.

Kwa kipigo hawafai. Mkono ukishainuka, suala limetoka kwenye usuluhishi. Sheria ya Septemba 2016 inaadhibu ukatili wa kijinsia, na aliyebakwa au kuumizwa mjini Bujumbura anaweza kwenda Centre Seruka kupata matibabu na ushauri. Hakuna uchovu wa kiwandani unaogeuza hilo kuwa jambo la kuvumiliana.

Kuna pia manung'uniko yasiyo manung'uniko. Mtu asiyelala vizuri kwa wiki mbili mfululizo, asiyefurahia hata yale aliyoyapenda, anayejiona hana thamani au anayewaza kufa, anaweza kuwa mgonjwa, na karatasi na kalamu hazitamtosha. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge kinachoendeshwa na shirika la kitawa la Ndugu wa Upendo hupokea watu wa namna hiyo kila siku. Bado kuna familia zinazoona haya kupitia lango lake, ambazo hazioni haya kumpeleka mtu huyo huyo kwa waombeaji watano. Anayewaza kufa asiachwe peke yake usiku huo; apelekwe.

Baada ya hayo yote, hubaki uamuzi wa kuondoka. Mchumi Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza kwamba mtu asiyeridhika anaweza kuondoka, kusema au kubaki mwaminifu, na wazo hilo lilimjia alipotazama reli ya Nigeria. Malori yalipokuja, wateja wenye uwezo wa kulalamika na kusikilizwa ndio waliokuwa wa kwanza kuhama, na reli ikabaki na wasio na sauti, ikazidi kuharibika. Viwanda na hospitali za Bujumbura zinaijua hali hiyo. Hata hivyo hakuna anayepaswa kumlaumu fundi kwa kuondoka. Alaumiwe anayeondoka bila kuuliza. Mwaka 2022 Warundi wengi walipanda ndege kwenda Serbia, ambayo haikuwadai viza, wakitarajia kuvuka hadi Ubelgiji. Oktoba mwaka huo viza ikarudishwa, na aliyekuwa ameshaacha kazi na kukopa nauli akabaki na deni. Kwa kazi za nyumbani Saudi Arabia, Burundi na nchi hiyo zilisaini makubaliano mwaka 2021, kwa hiyo kampuni inayopeleka watu iulizwe kama imesajiliwa, na jibu lithibitishwe wizarani badala ya kuchukuliwa kwa wakala. Mkataba usomwe na mtu wa tatu anayejua lugha uliyoandikwa. Nakala yake na ya pasipoti ziachwe kwa ndugu mmoja, pamoja na namba ya mwajiri wa huko. Kazi ya Zone Industrielle isiachwe mpaka viza iwe imegongwa, na ikiwezekana iombewe likizo isiyo na malipo kwa maandishi kabla ya kuandika barua ya kuacha.